Machozi ya Monika

Watu wengi humwomba Mungu siku mbili tatu, na wasipopata huchoka. Somo hili latueleza habari za mama mmoja wa Afrika aliyeomba miaka mingi wala hakuacha.

Jina lake ni Monika. Alikaa katika mji wa Tagaste, Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo sasa Algeria. Mwaka 354 alimzaa mwana, akamwita Augustino. Mtoto huyu alikuwa na akili nyingi, hata akapelekwa Karthago kupata elimu ya juu. Lakini huko aliyaacha mafundisho ya mamaye, akaifuata dini ya Mani, akakaa nayo kama miaka 9. Monika akamlilia kama watu wamliliavyo maiti. Alikwenda kwa askofu mmoja, akamsihi aseme na kijana wake. Askofu akakataa, kwa kuwa kijana alikuwa bado na kiburi cha dini ile mpya, hafundishiki. Akamshauri mama amwache, amwombee tu.

Mwaka 383 Augustino alitaka kwenda Roma. Mamaye akamshika, hataki kumwachia. Ndipo mwana akamdanganya, akasema kwamba anakaa tu na rafiki yake angojeaye upepo wa kusafiri. Usiku ule Monika alikuwa katika kanisa dogo karibu na pwani, akimwomba Mungu amzuie mwanawe asiondoke. Upepo ukavuma, matanga yakajaa, na kulipokucha merikebu haikuonekana tena. Monika akasimama pwani, akalia na kumlalamikia Mungu.

Je, Mungu hakusikia? Tazameni yaliyofuata. Kutoka Roma Augustino alikwenda Milano kufundisha, na huko akasikia mahubiri ya Askofu Ambrosi, mtu wa elimu ambaye hakuweza kumdharau. Monika naye akavuka bahari, akamfuata. Mwaka 386 Augustino akakata shauri kumfuata Kristo, akaingia nyumbani mara moja kumpasha mamaye habari. Pasaka ya mwaka 387 Ambrosi akambatiza. Mwaka uo huo, wakiwa njiani kurudi Afrika, Monika akafa katika mji wa Ostia, katika mwaka wa 56 wa umri wake. Haja yake ilikuwa imetimia.

Baadaye Augustino, alipokwisha kuwa Askofu wa Hippo, aliandika mambo haya katika kitabu chake kiitwacho Maungamo. Aonyesha humo ya kuwa Mungu alimnyima mamaye ombi la usiku mmoja, ili ampe ombi la miaka yote. Merikebu ile aliyoililia Monika ndiyo iliyompeleka mwanawe kwenye njia ya Ambrosi.

Basi, wanafunzi, labda yuko mmoja wenu amwombeaye baba mgonjwa, au ndugu aliyekwenda mjini asirudi. Hatuambiwi kwamba kila aombaye ataona jibu kwa macho yake, wala kwamba litakuja kwa njia aitakayo yeye. Lakini kukawia si kukataa, na kunyamaza si kutosikia. Monika hakuijua njia. Alimjua Yule aliyemwomba, naye alizidi kuomba.

MASWALI
1. Kwa nini askofu alikataa kusema na Augustino?
2. Monika aliomba nini usiku ule kule pwani? Na miaka yote aliomba nini?
3. Eleza maana ya maneno haya: “Kukawia si kukataa.”