Musa na vitunguu vya Misri

Wadogo zangu, wachungaji tumewasema vya kutosha. Leo tujiseme sisi tunaokaa kwenye mabenchi.

Fungueni Hesabu sura ya 11. Musa huyu alisimama mbele ya Farao, akavuka bahari na umati nyuma yake. Kilichomfikisha mahali pa kumwomba Mungu amuue ni watu wake mwenyewe, kila mmoja mlangoni pa hema lake, wakililia nyama na kuyakumbuka matango na vitunguu vya Misri. Vitunguu, jamani!

Nasi tunavyo vya kwetu. Mtu anaingia kanisani mahubiri yakiwa katikati, anatoka kabla ya matangazo, kisha njia nzima anachambua neno ambalo hakulisikia. Kwenye mnada baada ya ibada tunagombea kuku na mkungu wa ndizi kwa shangwe, lakini ahadi ya ujenzi tuliyoiandika kwa mkono wetu tunaikimbia, na fundi akidai anamdai mchungaji. Na mama mchungaji? Akipendeza, amekula sadaka. Akivaa kawaida, anatutia aibu. Watoto wake huyasikia hayo shule ya Jumapili kwa watoto wetu, nao waliyasikia mezani petu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Nami nimo. Mwaka mmoja kwaya yetu iligoma kwa ugomvi wa sare. Tulikaa kimya ibada nzima, mchungaji akaanzisha kila wimbo mwenyewe hadi sauti ikamkauka. Hakutukemea. Wakati wa baraka niliona mikono yake inatetemeka, na mpaka leo sijaisahau ile mikono.

Kama mchungaji anakula fedha au anaumiza mtu, hilo lifike baraza la wazee, tena bila kuchelewa. Lakini likiwa ni jambo la kukukera tu, mwendee mwenyewe, mchana, kabla hujalimwaga kwenye kundi la WhatsApp. Mahubiri yakikugusa, mwambie ni neno gani na limekusaidia wapi. "Umehubiri vizuri" anaambiwa kila wiki mlangoni. Siku yake ya mapumziko, simu yako ianze kwa mzee wa kanisa.

Musa alipolia, Mungu alimpa wazee 70 wabebe mzigo pamoja naye. Basi wewe uliyechaguliwa mzee, yule bibi mgonjwa wa mtaa wenu anayemsubiri mchungaji tangu wiki iliyopita, nenda ukamwone kesho.