Zaidi ya Kupanda: Vitenzi vya Mlimani katika Njia ya Naro Moru

Imezoeleka kudaiwa kwamba Kiswahili, kwa kuwa kilikulia pwani, kina utajiri wa maneno ya bahari na ukata wa maneno ya mlima. Wenye dai hili hawakosi ushahidi. Katika insha nyingi za wanafunzi, safari ya siku nne kwenye Mlima Kenya humalizwa kwa kitenzi kimoja tu, "kupanda", kile kile kinachotumika kwa mahindi, kwa matatu na kwa bei ya sukari. Makala haya yanaifuata njia ya Naro Moru hadi kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985, ili kuonyesha kwamba ukata huo ni wa watumiaji wala si wa lugha.

Kutoka lango la hifadhi hadi kituo cha hali ya hewa, penye mita 3,050 hivi, msafiri hufuata barabara ipitayo msituni na kwenye mianzi. Hapo "kupanda" kunatosha. Juu ya kituo, miti inapokoma, huanza kinamasi. Wengi hudhani kinamasi ni cha tambarare. Hiki kimelala juu ya mwinuko mkali. Msafiri huruka kutoka shungi moja la nyasi hadi jingine, hutumbukia, huchopoa mguu, kisha hutumbukia tena. Mwandishi atakayesema hapa kwamba wasafiri "walipanda kwa shida" atakuwa amekiacha kando kitenzi "kuchopoa", ambacho kinabeba hata ile sauti ya buti likiachana na tope.

Bonde la Teleki, lenye lobelia ndefu kumshinda mtu, huelekea kambini penye mita 4,200 hivi. Kutoka kambini watu huondoka usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri, na hapo ndipo penye kazi. Njia ni kokoto zilizolegea juu ya mteremko mkali: mawe huporomoka, miguu huteleza, na hatua iliyopatikana hurudi nusu. Mtu hujikongoja kwa fimbo. Ama "kuparaga", yaani kukwea kwa kukumbatia kama mtu akweavyo mnazi, kunawafaa zaidi wanaopambana na majabali ya Batian na Nelion kwa kamba. Lenana haihitaji kuparagwa.

Uteuzi wa vitenzi, hata hivyo, si pambo la insha pekee. Kileleni Lenana, kila pumzi huleta oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Kuhema ni jambo la kawaida huko. Kutweta mtu akiwa amekaa kitako, baada ya kupumzika vya kutosha, si kawaida: huenda maji yanajaa mapafuni. Vivyo hivyo, kuchoka si kupepesuka. Aliyechoka hupumzishwa, akapewa chai, akaendelea. Anayepepesuka kama mlevi, au anayeanza kuweweseka, huenda ubongo wake umevimba, na dawa yake ya kwanza ni kuteremshwa mara moja, hata kama ni usiku na hata kama kilele kinaonekana.

Tatizo ni kwamba mgeni wa mlima, akiulizwa na kiongozi wake anajisikiaje, aghalabu hujibu, "Nimechoka tu." Neno hilo "tu" lina hatari kuliko barafu. Hufunika maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu kwa pamoja, huku kiongozi akibaki kubahatisha gizani. Kiongozi mzoefu hairidhii kauli hiyo. Humwambia mgeni atembee hatua chache kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole, naye akamulike kwa tochi. Mgeni akipepesuka, mzigo wake hubebwa na mwingine, na wawili hao huanza kuteremka kuelekea kambini.