Je, Bunduki ya Umeme Yaweza Kusimamisha Moyo?

Wengi wakisikia kwamba bunduki ya umeme ina volti 50,000, hudhani anayepigwa nayo hana budi kufa. Wengine huamini kwamba haina madhara yoyote. Wote wamekosea.

Volti si kila kitu

Volti ni nguvu inayousukuma umeme. Kinachodhuru mwili hasa ni kiasi cha umeme kinachopita, mahali kinapopita na muda wake. Chukua Taser X26, iliyotumiwa sana na polisi wa Marekani. Ilirusha vishale viwili vyenye nyaya. Volti 50,000 ziliuwezesha umeme kuruka hewani na kupita kwenye nguo. Mwilini zilifika kama 1,200 tu. Umeme huo ulikuja kwa vipigo vifupi mno, 19 hivi kila sekunde, kwa sekunde 5. Misuli ya mwili hukakamaa na mtu akaanguka. Moyo kwa kawaida husalimika, kwa sababu uko ndani zaidi na misuli yake haishtuliwi upesi na vipigo vifupi hivyo.

Hatari iko wapi?

Hatari huzidi kishale kinapochoma kifuani karibu na moyo, hasa kwa mtu mwembamba, au umeme unapoendelea kwa muda mrefu. Hapo moyo waweza kwenda mbio kupita kiasi, kisha ukatetemeka tu bila kusukuma damu. Mwaka wa 2009 watengenezaji wenyewe waliwashauri polisi waepuke kulenga kifua. Mwaka wa 2012 Dkt Douglas Zipes, bingwa wa moyo wa Marekani, alichapisha visa vinane vya watu waliozirai baada ya kupigwa kifuani. Wengi wao walikufa.

Ufanye nini?

Aliyepigwa kwa kawaida huwa na fahamu, naye hulia kwa maumivu. Akinyamaza ghafla na asiitike, usidhani anajisingizia. Tazama kama anapumua. Kutweta kwa kukatikakatika si kupumua. Ita msaada, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usikome mpaka wauguzi wafike na mashine ya kushtua moyo. Ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, kwa hivyo anza mara moja.