Skii za kujitengenezea: gundi ijaribiwe kabla ya theluji

Chukua sarafu, ugonge nayo taratibu mgongo wa skii kutoka nchani hadi mkiani. Palipoungana vizuri panalia sauti kavu, ya juu. Palipo na uwazi ndani sauti inazama, inakuwa nzito kama unagonga boksi tupu. Hapo gundi haikushika, na hapo ndipo skii itakapoachana ukiwa mbali na barabara, katika nchi ambazo mwezi wa Desemba jua huweza kuzama saa tisa alasiri.

Ninawaandikia hasa ndugu zetu walio Norwei, Uswidi, Kanada na Marekani ya kaskazini, wenye gereji, randa na hamu ya kujitengenezea skii za kutembelea nyikani. Skii si jambo geni kwetu siku hizi. Mwaka 1998, katika Olimpiki ya Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini ili amkumbatie. Linalonihangaisha ni kwamba wanaoanza kazi hii hutumia wiki nzima kuchagua mbao na dakika tano kuchagua gundi.

Kwa maelfu ya miaka skii ilichongwa kutoka ubao mmoja. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wa Norwei wakaanza kuunganisha tabaka mbili, mbao ngumu chini na nyepesi juu, kwa gundi ya wanyama. Ikilowa, gundi ile ililegea. Suluhisho lilipatikana miaka ya 1930, pale Bjørn Ullevoldsæter huko Norwei na George Aaland huko Seattle walipotengeneza, kila mmoja kivyake, skii za tabaka tatu kwa gundi ya kasini, yaani gundi inayotokana na maziwa. Skii za Ullevoldsæter ziliuzwa kwa jina la Splitkein na zikapata sifa kubwa.

Leo watengenezaji wengi wa nyumbani hutumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya ya mikebe miwili. Ni gundi nzuri mno, lakini ina bei, inataka vipimo sahihi, na wapo ambao ngozi yao huanza kuwasha na kutoka vipele baada ya kuishika mara kadhaa. Mtu akishapata mzio huo, kwa kawaida hauondoki. Ndiyo maana wengi hutafuta mbadala, na mbadala unaopatikana kwa urahisi dukani ni aina mbili: gundi nyeupe ya seremala isiyoingia maji, na gundi ya poliuretani.

Gundi nyeupe ni rafiki wa fundi: haina harufu kali, na ikiwa bado mbichi unaifuta kwa kitambaa kibichi. Ukiwa Ulaya, tafuta chupa iliyoandikwa D4. D3 inavumilia unyevu tu, haifai kwa theluji. Marekani tafuta maandishi ya Type I. Kasoro yake ni moja, na kwa skii ni kubwa. Hata ikikauka, gundi hii hubaki na ulaini kidogo, na mbao zilizopindwa zikiendelea kuivuta usiku na mchana, tabaka huteleza polepole juu ya mwenzake. Kiti cha jikoni hakitaona tofauti. Skii itapoteza upinde wake, yaani ule mwinuko wa katikati, na skii ya kutembelea isiyo na upinde haina kazi.

Poliuretani haitelezi hivyo. Hukauka kwa kunyonya unyevu, kwa hiyo unalowanisha kidogo uso mmoja wa ubao na kupaka gundi uso wa pili. Kisha huumuka kama unga wa mandazi na kutoka povu pembeni. Povu hilo limewadanganya wengi. Wanaliona limejaza nyufa, wanadhani kazi imekaza. Povu halina nguvu yoyote. Nguvu iko pale tu mbao mbili zilipogusana na kubanwa sawasawa, kwa hiyo ukiona nafasi kati ya tabaka, rudi kwenye randa. Na usidhani kwamba mbadala maana yake ni salama kwa afya. Poliuretani mbichi ina kemikali zinazoweza kuamsha pumu. Vaa glavu, fungua madirisha, na vaa barakoa ya vumbi unapopiga msasa.

Hukumu yangu ni hii: kwa skii ya mbao tupu, tumia poliuretani. Ukitaka kuweka faiba, kingo za chuma na soli ya plastiki, baki na epoksi. Poliuretani ni nzito na ina povu, haiwezi kulowesha nyuzi za faiba ipasavyo, na plastiki ya soli za skii haishikwi na gundi nyeupe hata kidogo. Utaibandua kwa kucha kama ganda la chungwa.

Ujenzi wenyewe ni useremala wa kawaida. Ingiza mbao ndani ya nyumba siku kadhaa kabla, kwa sababu mbao baridi ya gereji haipokei gundi. Tengeneza kalibu ya plaiwudi yenye umbo la skii, pua ikiwa imeinuka, na uifunike kwa nailoni ili gundi isiishike. Kwa skii ya upana wa sentimita 6 hivi, weka tabaka la mbao ngumu la milimita 4 chini, moyo wa mbao nyepesi katikati, na tabaka jingine la milimita 4 juu. Moyo uwe mnene kwenye kiatu na uishie kwa wembamba kuelekea ncha zote mbili, ili katikati ya skii ifike kama sentimita 2.5 na pua ibaki tabaka mbili tu. Jiliwa, au klampi kama mafundi wengi wanavyoita, ziwe kila sentimita 10, ukianza katikati kwenda nje. Fanya zoezi zima mara moja bila gundi. Gundi ikishapakwa, hakuna muda wa kutafuta klampi iliyopotea.

Sasa majaribio, na haya yafanyike kabla hujajenga skii yoyote. Kata vipande kumi vya mbao ileile, viunganishe viwiliviwili kwa gundi uliyochagua, viache wiki nzima. Kipasue kipande kimoja kwa patasi kwenye mstari wa gundi. Mbao ikichanika na nyuzi zake zikabaki pande zote mbili, gundi imeishinda mbao, na ndivyo inavyotakiwa. Mstari ukifunguka msafi, unang'aa, gundi imeshindwa.

Kipande cha pili kichemshe saa 4 kwenye sufuria kuukuu ambayo hutapikia tena, kikaushe kwa joto la nyuzi 60 hivi kwa saa 20, kisha kichemshe saa 4 nyingine na kukipasua kikiwa bado kimelowa. Hivi ndivyo viwanda vinavyopima plaiwudi ya nje. Cha tatu kiloweshe usiku, kitie kwenye friza, kiyeyushe, rudia mara kumi. Maji yanayoganda ndani ya ufa hutanuka na kuufungua zaidi, na skii itapitia hali hiyo kila siku ya matumizi. Kipande chochote kikifunguka msafi, badilisha gundi au rekebisha ubanaji wako.

Skii zikishatoka kwenye kalibu, zilaze moja moja juu ya magogo mawili, tundika uzito uleule katikati, pima kwa rula zimebonyea kiasi gani. Mbili zifanane. Acha uzito huo hadi asubuhi, uutoe, upime tena. Upinde usiporudi mahali pake, gundi inateleza. Kisha zilaze sakafuni na usimame juu ya zote mbili: karatasi ipite chini ya miguu yako. Hamishia uzito wote mguu mmoja: karatasi ibanwe.

Safari ya kwanza iwe kwenye uwanja tambarare au kilima kifupi karibu na nyumba, usiwe peke yako. Andika kwa kalamu juu ya kila skii jina la gundi na tarehe uliyobandika. Baada ya kila moja ya safari tano za mwanzo zikaushe, uzigonge tena kwa sarafu kutoka pua hadi mkia. Ukisikia sauti imezama mahali popote, hata padogo kama kidole, skii hiyo isirudi kwenye theluji.