Stima Ikirudi Malaba, Seva Iwake Yenyewe

Mpaka wa Malaba haulali, na lori linaloelekea Tororo halina subira na mtu wa kompyuta. Karatasi za kulipitisha siku hizi ni faili, na katika ofisi nyingi za mawakala wa forodha faili hizo zimo kwenye seva moja chini ya meza. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi, hapa na Busia.

Fundi, stima ikipotea usiku, hata ikirudi seva inabaki kimya mpaka mtu abonyeze kitufe. Imeharibika?

Haijaharibika, inatii ilivyoambiwa. Mpangilio wake una chaguo tatu: stima ikirudi, mashine ibaki imezimwa, irudie hali iliyokuwa nayo, au iwake tu. Kwenye Linux, ukiwa msimamizi, andika:

`ipmitool chassis status`

Soma mstari wa Power Restore Policy. Kuibadilisha:

`ipmitool chassis policy always-on`

Wengi huchagua `previous` wakidhani ndiyo salama. Kama una UPS, ni mtego: betri ikikaribia kuisha, programu ya UPS huizima seva kwa utaratibu, basi hali ya mwisho inakuwa "imezimwa", na stima ikirudi itabaki hivyo hivyo. Kuna mtego wa pili, huu hata `always-on` haiukwepi. Stima ikirudi kabla UPS haijakauka, seva iliyokwisha kujizima haioni kwamba umeme ulikatika, kwa hiyo haiamki. Iagize UPS ikate umeme yenyewe baada ya seva kuzimika.

Nina Dell. Nimeandika amri, imekubaliwa, lakini hakuna kilichobadilika.

Mabadiliko ya BIOS hukaa foleni, kama kila kitu hapa Malaba. Tuseme unataka mashine ingoje sekunde 120 kabla ya kuwaka, umeme utulie kwanza. Kwa racadm, zana ya Dell, andika:

`racadm set BIOS.SysSecurity.AcPwrRcvryDelay User`
`racadm set BIOS.SysSecurity.AcPwrRcvryUserDelay 120`
`racadm jobqueue create BIOS.Setup.1-1`

Amri ya tatu ndiyo watu husahau. Baada yake, iwashe seva upya. Ukisoma kwa `racadm get` na bado kuna maneno Pending Value, kazi haijafanyika. Na kabla ya kugusa lolote, hifadhi mipangilio ya zamani kwenye faili.

Naweza kufanya hayo nikiwa Nairobi?

Unaweza, seva ikiwa na kidhibiti chake cha ndani chenye tundu lake la mtandao. Hicho huwa macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Lakini usikiweke wazi kwenye intaneti. IPMI 2.0, itifaki ya mwaka 2004 ambayo vidhibiti hivi huongea, humpa yeyote anayejua jina la mtumiaji alama iliyotokana na neno la siri, kabla hajaingia, akaivunje kwa nafasi yake. Dan Farmer alilieleza hilo mwaka 2013, na halina kiraka kwa sababu limo kwenye muundo wenyewe. Pitia VPN. Mashine mpya zina njia nyingine ya kuzisimamia, Redfish, iliyotolewa mwaka 2015 na inayotumia HTTPS; mimi naipendelea.

Kila stima ikipotea, tarehe inarudi miaka nyuma, na tovuti za kazi zinakataa kufunguka.

Hapo hakuna amri. Badilisha betri ya CR2032 kwenye bodi, kisha weka saa sawa.