Shilingi Yako Inalala kwa Nani?

 

Ndugu zangu, watu wa pwani huziita mvua za miezi hii vuli. Hapa Buganda tunaziita ddumbi. Zinaanza Septemba, zinakolea Oktoba na Novemba, na kwa mwanafunzi wa Kampala zinaangukia palepale muhula unapoanza kumbana. Ada imelipwa, hosteli imelipwa, na kilichobaki mfukoni kinatakiwa kifike Desemba. Mvua ikishika jioni, Kalerwe na Bwaise hujaa maji, magari hayasogei, na kila mtu chumbani anajiuliza atakula nini. Hapo ndipo somo letu lilipo: namna ya kutumia kidogo, na hicho kidogo kimfikie nani.

Maswali haya mawili tumezoea kuyasikia mbalimbali. Darsa za zuhudi hutuambia tupunguze matumizi. Sera ya serikali inayojulikana kwa kifupi kama BUBU, ya kununua vya Uganda ili kuijenga Uganda, hutuambia tununue. Mwanafunzi akizisikiliza zote mbili anaweza kudhani zinapingana: moja inafunga mkono, nyingine inaufungua. Ninavyoona mimi, katika dini yetu ni jambo moja lenye pande mbili.

Tuanze na msingi. Katika Suratul-Furqan, aya ya 67, Allah (s.w.t.) anawasifu waja Wake ambao katika matumizi hawavuki mpaka wala hawawi mabahili, bali hushika njia ya katikati. Suratul-Israa, aya ya 26 na 27, inakataza ubadhirifu kwa maneno makali, kisha aya ya 29 inakataza ubahili na kumwaga mali kwa pamoja.

Wengi tunazichanganya israfu na ubadhirifu. Israfu ni kuvuka mpaka katika jambo la halali: chakula ni halali, lakini sahani tatu kwa tumbo moja ni israfu. Ubadhirifu, kama alivyoufasiri Ibn Mas'ud (r.a.), ni kutoa mali pasipo haki. Kwa maana hiyo kiasi peke yake hakiamui. Shilingi 500 uliyoiweka kwenye tiketi ya kubeti ni ubadhirifu. Shilingi 100,000 uliyonunulia vitabu vya masomo yako si ubadhirifu.

Upande wa pili wa aya hausemwi sana katika mihadhara yetu, nao ni kwamba ubahili pia umekatazwa. Yuko kijana anayejiita zahidi kwa sababu anambana muuza nanasi mpaka amwondolee shilingi 300, kisha ananunua vifurushi vya intaneti usiku kucha kutazama mpira. Huo si zuhudi. Zuhudi ni moyo kutotawaliwa na mali, na dalili yake mojawapo ni kwamba mali humtoka mtu kwa wepesi inapofika mahali pa haki.

Sasa tuchukue jioni moja ya mvua. Mwanafunzi mmoja anaagiza kuku na chipsi kwa simu kutoka mkahawa wa mbali. Tuseme ni shilingi 18,000, na 4,000 za kuletewa. Mwenzake anafungua mwavuli, anavuka barabara, anakula kikomando kwa shilingi 2,000. (Kwa mgeni wa Kampala: kikomando ni chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage, na hakuna mtihani wa chuo uliopita bila msaada wake.) Tofauti ni shilingi 20,000. Ikiwa ni mara moja tu kwa wiki, kwa muhula wa wiki 17 inafika shilingi 340,000. Hesabu hiyo kila mtu anaiweza. Ile isiyofanywa ni hesabu ya upande wa pili wa barabara.

Muuza chapati ameshakanda unga tangu alasiri. Unga, mafuta na makaa amevinunua kwa fedha ya jana, kwa sababu biashara ya aina hii hujizungusha siku kwa siku. Mvua ikiwazuia wateja, donge lililobaki halingoji wiki ijayo, na mtaji wa kesho unakuwa mdogo kuliko wa leo. Mvua tatu mfululizo zinaweza kumwondoa kabisa kando ya barabara, kisha tunashangaa kibanda kimefungwa. Zile 2,000 za mwanafunzi aliyevuka na mwavuli zinaingia katika unga wa kesho moja kwa moja. Simsemi vibaya kijana wa boda boda anayeleta chakula, naye ni jirani mwenye watoto. Nasema tu kwamba katika shilingi 22,000 za mwanzo, sehemu inayobaki mtaani kwetu ni ndogo.

Je, dini inamjua jirani wa namna hii? Mtume (s.a.w.) alipomtuma Mu'adh bin Jabal (r.a.) Yemen, alimwagiza kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wa watu wale na irudishwe kwa maskini wao. Kutokana na hadithi hiyo, wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa Uganda tunayafuata, walishikilia kwamba zaka isihamishwe kutoka mji wake maadamu wako wanaostahiki ndani yake. Hiyo ni hukumu ya zaka, siyo ya kununua maharage, na sitaki mtu atoke hapa akisema ni haramu kula mkahawa wa mbali. Lakini inatuonyesha mpango: mali iliyopatikana mahali iwanufaishe kwanza watu wa mahali hapo.

Wala jirani huyo si lazima awe Muislamu. Mtume (s.a.w.) alifariki huku deraa yake ikiwa rehani kwa Yahudi mmoja wa Madina, kwa shayiri pishi thelathini aliyoichukua kwa ajili ya watu wa nyumba yake. Imo katika Bukhari. Masahaba matajiri walikuwepo, na biashara na jirani wa dini nyingine iliendelea kama kawaida. Kwa hiyo mama anayeuza ndizi Wandegeya na kwenda kanisani Jumapili ana haki ya jirani kwako.

Hadithi ya Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) tunaipenda sana katika semina za ujasiriamali. Alifika Madina mikono mitupu. Sa'd bin Rabii (r.a.) akajitolea kumgawia nusu ya mali yake, yeye akamwombea baraka na kuomba aonyeshwe soko. Akaenda soko la Banu Qaynuqa, akarudi na jibini kavu na samli. Tunamsifu muuzaji, na anastahiki. Lakini tukumbuke pia kwamba mtu alinunua. Majina ya wateja wake wa siku zile za mwanzo hatuyajui, na bila wao Muhajiri yule angerudi na bidhaa yake kichwani.

Historia yetu ya hapa inatuhusu zaidi. Uislamu uliingia Buganda pamoja na wafanyabiashara waliofika katika kasri la Kabaka Suuna II mwaka 1844. Baadaye, katika Mkataba wa Buganda wa 1900, ugavi wa madaraka uliwapendelea Waprotestanti na Wakatoliki, na Waislamu wakaachiwa usaza mmoja tu, Butambala. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wasije wakabatizwa. Mlango wa ofisi ukawa mwembamba. Wazee wetu wakaingia katika bucha, uchuuzi na udereva, wakaishi kwa hilo. Wengi tunaosoma jarida hili, tukihesabu nyuma kizazi kimoja au viwili, tutamkuta mtu aliyesimama nyuma ya meza ya nyama au kikapu cha nyanya ili mtoto wake asome. Nani basi anafaa kumdharau mchuuzi kuliko sote? Hakuna, na sisi hasa hatufai.

Tuje kwenye mambo ya mikono.

Chakula kwanza. Wanafunzi watano wakichanga, wakaenda Kalerwe asubuhi ya Jumamosi, wakanunua maharage ya nambale na unga wa posho kwa wingi, kila mmoja atakula kwa bei ndogo kuliko akinunua kikombe kikombe. Maharage yalowekwe usiku kucha. Yanaiva upesi na makaa yanapungua, na makaa ya Kampala sasa si mchezo. Sigiri nunueni ya mafundi wa Katwe wanaozitengeneza kwa mabati chakavu. Pikieni nje au penye hewa ya kutosha, kamwe msiingize sigiri inayowaka chumbani mkafunga mlango kwa sababu ya baridi ya mvua. Moshi wa makaa huua watu wakiwa usingizini.

Nguo ni ngumu kidogo, kwa sababu hapa ndipo kubana matumizi na kumsaidia fundi wa nyumbani vinapogongana kweli. Mivumba ya Owino ni rahisi. Sweta la mvua ukilipata pale, lichukue, na anayekuuzia ni mkaazi wa mji huu huu. Kwa kanzu rai yangu ni tofauti. Vazi hili lililoletwa na watu wa pwani na Waarabu limekuwa vazi la heshima la Buganda nzima, lenye tarizi yake nyekundu iliyoiva pale kifuani, na leo vijana wa Kiislamu tunashindana kuvaa za kutoka Ghuba kwa sababu ya lebo ya shingoni. Nenda Kiyembe, nunua kitambaa, mpe fundi vipimo. Huenda utazidisha kidogo kuliko bei ya iliyoagizwa. Ila ikichanika fundi yupo, ukinenepa ataifumua, na baada ya miaka mitatu utakuwa umenunua moja badala ya tatu. Hapo ndipo ninaposema bei ya siku ya kwanza haitoshi kutuambia kitu ni rahisi au ghali.

Kujadiliana bei kunaruhusiwa, na sokoni Nakasero asiyejadiliana huonekana mgeni. Mtume (s.a.w.) alijadiliana na Jabir (r.a.) juu ya ngamia walipokuwa safarini, wakakubaliana. Walipofika Madina akamlipa bei yake, kisha akamrudishia na ngamia. Basi jadiliana, lakini ujue unajadiliana na nani. Kwa mwenye duka la ghorofa bana unavyoweza. Kwa bibi mwenye mafungu manne ya mchicha yanayonyauka huku mawingu yamekusanyika, lipa alichosema.

Nimeliacha la mwisho lililo zito. Mama mmoja anayeuza chakula karibu na hosteli za wanafunzi alinifungulia daftari lake la madeni. Hayajui majina yetu ya kwenye kitambulisho, kwa hiyo huandika anavyotuona: "Mrefu wa juu", "Miwani", "Wa gitaa". Kila muhula ukiisha baadhi yao huondoka na deni. Katika ukurasa mmoja palikuwa na mtu aliyekula wiki tatu bila kulipa, na jina aliloandikiwa lilikuwa "Shehe". Nilimuuliza kwa nini. Akajibu, "Mwanangu, si alikuwa anavaa kofia kila siku?"

Kukopa si dhambi, Mtume (s.a.w.) alikopa, kama tulivyoona. Lakini aliweka rehani, na Suratul-Baqarah, aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inafundisha deni liandikwe na muda wake ujulikane. Imepokewa pia kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa ni dhulma. Mwanafunzi aliyeishiwa kweli ana udhuru: amwendee muuzaji, amweleze, amwombe muda, na kumpa muda aliye katika dhiki ni jambo Allah alilolihimiza katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo. Asiyekuwa na udhuru ni yule anayepita njia ya nyuma ili asionekane, na simu yake mpya mkononi.

Kwa hiyo muhula huu, ukikopa kwa muuzaji, mpe jina lako halisi na namba ya simu, na uandike na wewe upande wako. Deni la zamani lilipwe kabla ya sadaka ya hiari, kwa sababu deni ni haki ya mtu. Kama umehama, fedha za simu zinafika popote. Kama muuzaji ameondoka, waulize majirani wa kibanda chake, wachuuzi hujuana. Kama amefariki, deni ni la warithi wake. Na kama umetafuta kwa juhudi zako zote ukakosa habari, wanavyuoni wengi wamesema utoe kiasi hicho sadaka kwa nia ya mwenyewe, ukiwa tayari kumlipa siku akitokea asipoiridhia hiyo sadaka.