Jicho la Mgeni: Mafunzo kwa Mwalimu kutoka Ziara Fupi za Wanafunzi nchini Japani

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wa vyuo vikuu kutoka pande nyingi za dunia huenda Japani kwa ziara fupi za masomo. Wengine hukaa juma moja, wengine majuma mawili, wengine mwezi mzima. Miongoni mwao wamo wanaosomea ualimu, na hao aghalabu hupelekwa kuzuru shule ya msingi, kuketi nyuma ya darasa, na pengine kula chakula cha mchana pamoja na watoto. Warudipo kwao huulizwa swali moja: "Umejifunza nini?"

Jibu la swali hilo si jambo dogo. Mwanafunzi aliyekaa siku kumi na nne katika nchi ya watu hurudi na heshima ya mtu aliyeona kwa macho yake. Husikilizwa katika vikao vya walimu, na pengine mapendekezo yake hufuatwa. Ikiwa ameona nusu ya jambo na kulitangaza kama jambo zima, watakaoumia si yeye, bali ni watoto wa darasa lake.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo kujifunza namna ya kutazama. Huenda wewe usivuke bahari kamwe. Hata hivyo, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha utakuwa mgeni wa majuma machache katika shule ya wenyewe, na makosa ya mgeni wa Japani yaweza kuwa makosa yako.

Madaftari mawili

Tuchukue mfano wa kubuni wa wanachuo wawili waliotembelea shule moja, siku moja. Katika shule za msingi za Japani watoto hula chakula cha shule, ambacho kiliwekewa sheria yake mwaka 1954. Watoto wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, huleta masufuria darasani, na kuwapakulia wenzao. Mwalimu hula pamoja nao. Kisha, kwa muda wa robo saa hivi, shule nzima hufanya usafi.

Mwanachuo wa kwanza aliandika hivi: "Watoto wanafagia na kupangusa sakafu. Nidhamu ni kubwa mno. Wajapani wanapenda usafi. Sisi tuna mengi ya kuiga."

Wa pili aliandika hivi: "Saa 7.30 mchana. Muziki wasikika katika kipaza sauti. Madawati yasukumwa nyuma. Watoto sita wapangusa sakafu kwa matambara, watatu wafagia. Mvulana mmoja acheza na ufagio; msichana wa kundi lake amwonyesha kona yenye vumbi, naye aenda. Mwalimu amepiga magoti, apangusa pamoja nao. Saa 7.45 wasimama pamoja. Kiongozi wa kundi auliza kazi ilikwendaje. Swali langu: nani hupanga makundi, na zamu hubadilika lini?"

Wote wawili wamesema kweli. Lakini daftari la kwanza limejaa hukumu, na la pili limejaa mambo yaliyotendeka. Katika la kwanza mwalimu hayumo kabisa. Katika la pili yumo, tena magotini.

Hebu fikiri kila mmoja atafanya nini arudipo shuleni kwake. Wa kwanza atawaamuru watoto wafagie, na walimu wabaki ofisini wakinywa chai. Kwa kuwa alichokiona ni watoto wenye ufagio, hicho ndicho atakachoiga. Baada ya muda mfupi ufagio utakuwa adhabu ya wachelewaji, na jina la Japani litatumiwa kuhalalisha adhabu hiyo. Wa pili atajua kwamba kazi ile ni sehemu ya malezi, na kwamba nchini Japani shughuli za namna hiyo zimo ndani ya mtaala pamoja na mikutano ya darasa na sherehe za shule. Atajua pia kwamba mtoto hufundishwa kazi na mtu anayeifanya pamoja naye.

Somo la kutoa

Mfano wa pili watoka katika hesabu. Watoto wa darasa la kwanza nchini Japani hufundishwa kutoa kwa kuvunja kumi, kama vile 13 − 9. Kipindi huwa cha dakika 45. Mgeni aliyezoea kuona mwalimu akitoa kanuni, kisha mifano mitatu, kisha mazoezi ishirini, huweza kushangaa. Yawezekana kipindi kizima kikatumika kwa swali hilo moja.

Mwalimu huandika swali ubaoni na kuwaacha watoto walifikirie, kila mtoto kwa njia yake. Wakati huo yeye hapumziki. Hupita baina ya madawati, hutazama madaftari, na kukumbuka nani ametumia njia gani. Kisha huwaita watoto kwa mpango alioufikiria. Mmoja huhesabu kwa vidole au kwa vitu. Mwingine hueleza kwamba 13 ni 10 na 3. Atoa 9 katika 10, yabaki 1, kisha ajumlisha 1 na 3, apata 4. Wa tatu aondoa 3 kwanza, apata 10, kisha aondoa 6 zilizosalia, naye apata 4. Darasa hulinganisha njia hizo: zimefanana wapi, zimeachana wapi, ipi ni nyepesi kwa hesabu hii, na ipi ingefaa zaidi kwa 13 − 4?

Yafaa pia kuutazama ubao. Mwalimu wa Kijapani kwa kawaida hafuti maandishi yake katikati ya kipindi. Swali hukaa upande mmoja, njia za watoto hufuata, na muhtasari huja mwisho. Mtoto aliyepotewa na mawazo kwa dakika tano akiinua macho aweza kuiona njia ambayo wenzake wamepita.

Mgeni mwenye haraka ataandika, "Somo lilikwenda polepole." Mgeni mwenye jicho la mwalimu atajiuliza: Mwalimu alijuaje amwite mtoto yule kwanza? Kwa nini alichagua 9, wala si 5? Jawabu la swali la pili ni kwamba 9 iko karibu sana na 10, kwa hiyo watoto huvutwa kuitoa katika 10. Tarakimu haikuokotwa njiani. Imechaguliwa.

Yasiyoonekana siku ya ziara

Hapa twafikia jambo ambalo ziara fupi haiwezi kulionyesha kwa urahisi. Nyuma ya kipindi kile pana desturi ya walimu wa Japani iitwayo jugyō kenkyū, yaani kuchunguza somo. Walimu wachache hukaa pamoja na kuandaa somo moja kwa makini. Hukisia majibu ya watoto, pamoja na makosa yao. Mmoja wao hulifundisha, na wengine husimama kandokando ya darasa wakiandika yale wanayoyasema na kuyafanya watoto. Baada ya kipindi hukutana kulijadili somo, na aghalabu aliyefundisha huzungumza kwanza. Kinachochunguzwa ni fikra za watoto. Mwalimu mwenyewe hawekwi kizimbani.

Mgeni aonaye kipindi tu ni kama mtu aonaye mavuno bila kuona palizi. Atasema, "Mwalimu yule ana kipaji," kumbe aliyoyaona ni kazi ya wengi kwa siku nyingi.

Aidha, kuna machungu yasiyowekwa mbele ya mgeni. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2018 kuhusu walimu wa ngazi ya kwanza ya sekondari ulionyesha kwamba walimu wa Japani walifanya kazi saa 56 kwa juma, muda mrefu kuliko nchi nyingine zote zilizoshiriki. Uonevu baina ya wanafunzi nao umekuwa tatizo zito hata ikatungwa sheria ya kuuzuia mwaka 2013. Mambo haya hayabatilishi uzuri wa yale mengine. Lakini mwanachuo anayerudi na sifa tupu hakuitazama nchi. Ameitazama picha yake.

Wajapani walipokuwa wageni

Wajapani wenyewe waliwahi kuwa wanafunzi wa safari. Mwezi Desemba 1871 ujumbe mkubwa ulioongozwa na Iwakura Tomomi uliondoka Yokohama kwenda Marekani na Ulaya, ukarudi mwaka 1873. Pamoja na maofisa walikwenda wanafunzi wengi, wakiwamo wasichana watano. Mdogo wao, Tsuda Umeko, alikuwa bado hajatimiza miaka saba. Alikaa Marekani hadi 1882, na mwaka 1900 alifungua shule ya wanawake mjini Tokyo, ambayo baadaye ilikuwa chuo kikuu. Mwandishi wa ujumbe, Kume Kunitake, aliandika yale waliyoyaona kiwanda kwa kiwanda na shule kwa shule, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1878 katika vitabu vitano.

Hata hivyo, kuiga kwa haraka kuliwatia hasara. Kabla ujumbe haujarudi, mwaka 1872, serikali ilitangaza mpango wa elimu uliogawanya nchi katika wilaya za elimu kwa mfano wa Ufaransa. Mpango huo ulitaka shule za msingi 53,760. Wazazi walitakiwa kulipa karo, na watoto walihitajika mashambani. Palizuka manung'uniko, na mahali pengine shule zilichomwa moto. Mwaka 1879 mpango huo uliondolewa, ukawekwa mwingine.

Linganisha jambo hilo na kazi ya fundi seremala mmoja. Katika mji wa Matsumoto lipo jengo la Shule ya Kaichi, lililojengwa mwaka 1876. Fundi mkuu, Tateishi Seijū, alisafiri hadi Tokyo na Yokohama kuyatazama majengo ya mtindo wa Kizungu. Kisha alirudi akajenga kwa ufundi wake mwenyewe na kwa mafundi aliowazoea. Jengo lina mnara wa pembe nane, na juu ya mlango wake wamechongwa malaika, na chini yao joka. Sehemu kubwa ya gharama ilitolewa na wenyeji. Watoto walisomea humo hadi miaka ya 1960, na mwaka 2019 jengo hilo lilitangazwa kuwa hazina ya taifa.

Mpango wa serikali ulichukua umbo la mambo ya wageni. Tateishi alichukua wazo, akalijenga kwa mbao na mikono iliyokuwapo. Mpango ule haukufikisha miaka minane, bali nyumba ya fundi ingali imesimama.

Kanuni tano za kutazama

Kutokana na hayo, mwanachuo na azingatie kanuni zifuatazo, awe Japani au katika shule ya kijiji alikopangiwa mazoezi.

(a) Andika kwanza lililotendeka, na saa yake. Hukumu iandike baadaye, katika ukurasa wa pili.

(b) Mtazame mtoto mmoja au wawili kwa kipindi kizima. Anayetazama watoto arobaini kwa pamoja haoni hata mmoja.

(c) Mtafute mwalimu yuko wapi na anafanya nini wakati watoto wanafanya kazi.

(d) Uliza yaliyotangulia na yatakayofuata: somo liliandaliwa na nani, kwa muda gani, na kesho itakuwaje?

(e) Shiriki kazi. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Usingoje kupewa. Mgeni aliyeshika tambara akapangusa sakafu pamoja na watoto ataambiwa mambo ambayo aliyeketi kitini hataambiwa.

Hitimisho

Ubao tunaoutumia wenyewe uliingia Japani kama mgeni. Katika chuo cha ualimu kilichofunguliwa Tokyo mwaka 1872, Mmarekani Marion Scott aliwaonyesha Wajapani namna ya kufundisha darasa zima kwa pamoja mbele ya ubao. Leo wageni husafiri kwenda kutazama jinsi mwalimu wa Kijapani anavyoutumia. Kitu hicho hakikugeuka kwa siku kumi na nne. Kiligeuzwa na walimu waliokaa pamoja, mwaka baada ya mwaka, wakiulizana: watoto wameelewa nini leo?

Swali hilo halihitaji nauli. Wanachuo wawili waliopangiwa shule moja waweza kuanza Jumatatu ijayo.

Mazoezi

1. Keti katika kipindi cha mwenzako kwa dakika 20. Andika kurasa mbili: mambo yaliyotendeka, na hukumu zako. Mpe mwenzako ukurasa wa kwanza tu, kisha mwulize yeye ana hukumu gani. Je, zimepatana na zako?

2. Andaa somo la 12 − 8 kwa darasa la kwanza. Orodhesha njia zote unazodhani watoto watazitumia, pamoja na makosa mawili yanayoweza kutokea. Nani utamwita kwanza, na kwa nini?

3. Katika shule uliyofanyia mazoezi, nani alifanya usafi, na walimu walikuwa wapi wakati huo? Jadilini katika makundi ni jambo gani dogo mnaloweza kulibadili bila kungoja amri.